Nilikaa Chini, na Kiti Kilikuwa Hapo

Ndugu zangu na dada zangu, nawasalimu. Mmezoea kuniona hapo nyuma karibu na mlango, kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, na mmezoea kwamba zamu ikinifikia mimi hutikisa kichwa, inaenda kwa mwingine. Hakuna aliyenilazimisha hata siku moja, na kwa hilo nawashukuru kabla sijaanza. Leo sijatikisa kichwa. Mnivumilie, kwa sababu mimi nikishaanza kusema ninapotea njiani, na Kiswahili changu ni cha kuokota sokoni na kwenye vibarua, maana shule niliishia darasa la tatu. Ningeongea Kimeru, lakini tuko na wenzetu wa kutoka Embu, na yule mama mwenye duka la vitambaa ambaye anasali Ijumaa na anakuja hapa kwa sababu, vile alituambia mwenyewe, nyumbani ameachwa na redio peke yake. Mama, hata mimi redio ndiyo ilikuwa mke wangu wa pili. Nitafika hapo.

Desturi ya kikundi chetu ni kwamba hatutaji jina la mtu. Nimeikubali.

Wale wa umri wangu wanajua vile tulikaa wakati wa Dharura. Kwa wale wadogo, serikali ya wakoloni ilikuwa inapigana na watu wetu walioingia msituni, na sisi tulitolewa kwenye mashamba yetu tukaambiwa tujenge kijiji kimoja, nyumba zimebanana mpaka jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Kuzunguka kijiji tulichimba handaki, na ndani ya handaki tukasimamisha miti iliyochongwa ncha. Tulichimba sisi wenyewe, ndilo jambo ambalo vijana wa siku hizi hawaelewi. Wananiuliza, "Kwa nini mlichimba?" Nami nawaambia, kulikuwa na homgadi, mlinzi wa serikali kutoka kwetu wenyewe, nyuma yako na bunduki, ungechimba hata wewe.

Baba alikuwa amekufa zamani kwa ugonjwa wa kifua. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, dada yangu mkubwa, na mimi, kijana wa kuanza kuota ndevu. Mama alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na macho yake yalikuwa yanasema kabla ya mdomo. Dada yangu nitamwacha kwanza. Nimemwacha maisha yangu yote, acheni nimwache dakika chache tena.

Asubuhi moja tulitolewa chini ya ulinzi kwenda kukata majani ya viazi vitamu kwenye bustani zetu za zamani, karibu na msitu. Dada yangu alifunga mzigo wake wa majani, na mimi niliona kwamba katikati ya mzigo kulikuwa na unga. Aliona nimeona. Akanisogelea kama mtu anayenisaidia kukaza kamba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nikichelewa, mwambie mama mimi nimeshakula."

Nikamuuliza, "Unaenda wapi?"

"Juu, kwenye mianzi. Kaza hiyo kamba, we mvivu."

Akainama, akapita kwenye mahindi yaliyokauka, na homgadi alikuwa anawasha sigara. Hivyo tu. Wengine wenu mnangoja niseme kulikuwa na risasi, mbwa, kelele. Kulikuwa na mtu anawasha sigara.

Jioni tulipohesabiwa langoni alikosekana mmoja. Mama alikuwa amesimama mbele yangu. Hakugeuka. Tulipoingia nyumbani nikafungua mdomo nimwambie lile neno nililopewa, na mama akaweka kiganja kwenye mdomo wangu. Kilikuwa na udongo, mpaka leo naijua ladha yake. Akasema, "Usiniambie. Nisipojua, hakuna kitu watatoa ndani yangu. Na wewe ukiulizwa, sema sijui. Ukiulizwa na mzungu, sijui. Ukiulizwa na mchungaji, sijui. Ukiulizwa na mimi, sijui."

Kesho yake niliitwa mbele ya meza. Iliwekwa nje, juani. Nyuma ya meza walikaa watu watatu: ofisa mzungu, karani wa kuandika, na mkalimani. Pembeni alisimama mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, kazi yake ni kutikisa kichwa tu, kuonyesha nani anasaidia wa msituni. Sisi tulikaa chini kwenye nyasi, mikono juu ya kichwa, tukitazama miguu ya meza. Wakaniuliza: jina lako nani, baba yako nani, umezaliwa wapi, mmezaliwa wangapi kwenu, dada yako yuko wapi. Yale ya kwanza nilijibu. La mwisho nikasema sijui. Nikapigwa kofi. Nikasema sijui. Sitaki kuwaelezea yote, kuna watu hapa wanakunywa dawa za presha. Ila mwishowe waliniacha, na mama pia aliulizwa akasema hajui, na yeye alikuwa anasema ukweli, na wakamwacha.

Kwa hiyo lile neno lilituokoa. Mjue hivyo. Simlaumu mama, na neno pia silisemi vibaya. Lilikuwa neno zuri kwa wakati wake.

Lakini mama alianza kunipima. Kila jioni tukifunika moto, ananiuliza kwa ghafla, "Dada yako yuko wapi?" Namwambia, "Sijui." Anasema, "Vizuri." Ikawa kama sala yetu ya kulala. Basi ikaja njaa, na kazi ya lazima ya kufyeka ule ukanda wa kando ya msitu, na mama akaanza kutapika na kukonda. Siku moja mchana, amelala, alinishika hapa kwenye kifundo cha mkono. Akaniuliza, "Dada yako yuko wapi?"

Maneno yalikuwa yale yale. Nikasema, "Sijui."

Akasema, "Vizuri." Akaniachilia mkono. Hatukuongea tena la maana mpaka tulipomzika.

Ndugu zangu, nawaambia, nimekaa na mkono ule maisha yangu yote. Kwa maana jioni zile nyingine alikuwa hanishiki. Labda alinishika kwa sababu ya homa. Labda alinishika kwa sababu alikuwa mama na alitaka kujua mtoto wake ameenda wapi kabla ya yeye kwenda. Sina mtu wa kumuuliza.

Dharura iliisha. Chifu alitangaza, handaki likafukiwa, watu wakarudi mashambani, na wale wa msituni wakaanza kutoka. Mimi nilikuwa nakwenda kusimama kando ya barabara siku za soko, naangalia wanawake wanaopita. Niliangalia mpaka siku moja mama mmoja akaniuliza, "Wewe kijana, umepoteza nini?" Nikamjibu vile nilikuwa najua kujibu. Nikaacha kwenda. Watu wote walitangaziwa kwamba mambo yameisha, lakini mimi yule wa kuniambia "sasa unaweza kusema" alikuwa chini ya udongo. Mama hakuniondolea amri.

Na neno likakaa mdomoni. Sasa hapa mtacheka, na mcheke tu. Nilioa. Mke wangu alikuwa mwanamke wa maneno, mchangamfu, Mungu amrehemu. Ananiuliza, "Utakula nini leo?" Namwambia, "Sijui." "Tupande mahindi ama maharagwe?" "Sijui." "Unanipenda ama ulinioa kwa sababu ya nguvu zangu za kubeba maji?" Nami, kweli naomba radhi kwa roho yake, nikasema sijui. Siku moja aliniletea sahani tupu, safi, imefunikwa vizuri. Nikafunua. Akasema, "Hicho ndicho uliagiza. Ni sijui, kula ingali moto." Nilicheka. Lakini usiku yeye hakucheka, alilala ameangalia ukuta, na nikajua kwamba kuishi na mimi ni kama kuishi na mlango uliofungwa.

Tulipata binti mmoja. Nilimsomesha kwa kahawa, akasoma shule ya Kaaga, akaolewa Embu huko chini kwenye ukame, kwa watu wa mbuzi na ndengu. Alipojifungua msichana alikuja kwangu amembeba. Mnajua kwetu mtoto anapewa jina la mtu, na anapopewa jina anapewa na habari za mwenye jina: alikuwa mchapa kazi, alikuwa mkarimu, alikuwa na mdomo. Mtoto anakua akiambiwa wewe ni fulani. Jina bila habari ni kama kumpa mtoto nguo bila mikono. Binti yangu alikuwa amesikia kutoka kwa mama yake kwamba niliwahi kuwa na dada. Akasema, "Baba, nataka kumpa huyu jina la shangazi. Niambie alikuwa mtu wa namna gani."

Nikahisi udongo mdomoni. Nikasema, "Sijui."

"Hujui dada yako mwenyewe?"

"Sijui."

Akasimama. Hakupiga kelele, huyo alichukua sauti ya mama yangu. Akasema, "Basi hata jina la mtoto unaninyima." Akaenda, akampa mtoto jina la upande wa mume. Alikuwa akija kumwona mama yake tu, na mama yake alipokufa, akaja akazika, akaosha vyombo, akaondoka. Hakurudi tena.

Hapo ndipo ile redio iliingia. Asubuhi naifungua, naiacha inaongea nikienda kwenye kahawa, ili nikirudi nikute sauti ndani ya nyumba. Nilikuwa naweka vikombe viwili mezani. Siyo kwamba nilirukwa na akili, nilijua kimoja hakitanywewa. Ila kikombe kimoja juu ya meza kinaonekana kibaya sana, sijui kama mmeona hivyo. Ng'ombe nilimwongelesha. Nilimwambia bei ya mbolea, nilimwambia mvua. Yeye hakuniuliza swali, ndiyo maana tuliivana.

Sasa nafika pale nilitaka kufika.

Mtakumbuka ilitangazwa hapa kwamba kuna mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke, anataka wazee walioishi wakati wa Dharura. Alikuwa anafundisha wanafunzi wakubwa, wale wamemaliza shahada ya kwanza wanasomea ya pili, masomo ya maktaba na habari. Mimi nilidhani watu wa maktaba kazi yao ni kupanga vitabu na kuambia watu wanyamaze. Kumbe wanasoma pia namna ya kutafuta maneno ambayo hayajaingia kwenye kitabu chochote, namna ya kuuliza, ya kusikiliza, ya kuhifadhi bila kuharibu. Yeye alikuwa anawafundisha hiyo, wanaiita mbinu za utafiti, na alitaka wajifunze kwa watu walio hai. Nilienda. Nitakuwa mkweli, nilienda kwa sababu ilisemekana kutakuwa na chai na mandazi, na kwa sababu ilikuwa ni mahali pa kwenda.

Walikuwa wamepanga vizuri, nje hapo kwenye uwanja wetu, kwa sababu ndani palikuwa na mazoezi ya kwaya. Meza moja. Nyuma yake wanafunzi watatu. Katikati kijana mrefu wa kutoka Embu, mwenye miwani, na upande wake msichana mmoja nadhifu wa viatu vyeupe, ambavyo nilivihurumia kwa matope yetu ya Githongo. Wa tatu alikuwa wa kuandika. Mwalimu wao amesimama pembeni, anatazama. Jua lilikuwa kali. Mbele ya meza waliniwekea kiti, kizuri, chenye mto.

Kijana akasema kwa heshima, "Karibu mzee, kaa hapo."

Na mimi nikakaa chini.

Nikakaa kwenye nyasi, ndugu zangu, na kiti kilikuwa hapo, goti langu likikigusa. Nikavua kofia. Mikono ikapanda yenyewe, ikaenda kichwani. Wale watoto wakashtuka. Yule kijana akasema, "Mzee, kiti kiko hapo." Nilisikia, lakini nilikuwa natazama miguu ya meza. Akadhani labda ni adabu za kizee, akaanza kuuliza kutoka kwa karatasi yake. "Jina lako nani, mzee? Umezaliwa wapi? Mmezaliwa wangapi kwenu?"

"Sijui."

"Una watoto?"

"Sijui."

Yule msichana akamwinamia mwenzake, akasema kwa sauti ambayo alidhani mimi sisikii, "Huyu akili imechoka. Tuite mwingine."

Mwalimu alikuja taratibu mbele ya meza, na akakaa kwenye nyasi kando yangu, na sketi yake nzuri. Hakukaa kunitazama, alikaa upande mmoja na mimi. Tukawa wawili tunatazama miguu ya meza. Tukakaa. Kwaya ilikuwa inarudia ubeti mmoja ambao wale wa sauti ya tatu hawaushiki, mpaka leo hawaushiki, mnisamehe. Halafu akawaambia wanafunzi wake, "Njooni mkae huku mwone anachoona yeye."

Wakaja, hata wa viatu vyeupe. Wakakaa. Akawauliza, "Mnaona nini?"

Kijana akasema, "Naona meza, na viti vyetu vitupu." Halafu akasema, "Inatisha, mwalimu."

"Iondoeni."

Wakaiondoa. Mikono yangu ikashuka. Nilikuwa na aibu kubwa, nikataka kwenda nyumbani kwa ng'ombe wangu, lakini mwalimu akaniuliza kama tuna kahawa ya kuchuma huku kwetu. Nikamwambia mimi nina miti imeiva na sina mikono. Akaniuliza kama anaweza kuja na darasa lake kunisaidia. Nikasema sijui, na yeye akaelewa kwamba hiyo ilikuwa ndiyo.

Walikuja shambani kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu matanga, vikombe vilikuwa vingi kuliko viwili, niliazima kwa jirani. Tulichuma, halafu tukamwaga buni juu ya gunia tukaanza kuchagua, nyekundu huku, mbichi huku, zilizoliwa na wadudu huku. Mnajua ile kazi, macho yanatazama chini, mikono inakwenda, hakuna anayemkabili mwenzake. Mwalimu alikuwa amewakataza kuuliza lolote siku hiyo. Aliwaambia, mimi nikisikia, kwamba watu wengi wakiuliza wanataka kujibiwa haraka kwa sababu wanaogopa kimya, na mtu wa utafiti lazima azoee kukaa ndani ya kimya cha mtu mwingine bila kupanga viti. Nililipenda hilo neno ingawa sikulielewa lote. Wale watoto walikuwa wabaya kwa kuchagua kahawa. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa amevaa gambuti, viatu virefu vya mpira, alitia mbichi kwenye nyekundu mpaka nikamwambia, "Mama, kiwanda kitanirudishia hii yote." Akacheka, akasema, "Nifundishe basi, Guka," yaani babu. Nikamfundisha. Mimi na yeye hatukuwahi kuongea juu ya akili kuchoka, lakini tangu hapo ndiye aliyekuwa ananimiminia chai.

Siku nyingine walipokuja, mwalimu akamwambia yule kijana wa Embu anisomee ruhusa. Wana karatasi ya ruhusa, lazima waisome kabla ya kuuliza mtu. Akaisoma mbio mbio, kama tangazo la mazishi redioni. Mwalimu akamsimamisha. "Umemwambia nini?"

"Nimemsomea haki zake."

"Umesoma. Sasa mwambie. Weka karatasi chini, mwambie kama unamwambia babu yako."

Kijana akaweka karatasi chini ya kopo la chai isipeperuke. Akajikuna. Akasema, "Guka, nikikuuliza swali, unaweza kukataa kulijibu. Usiponiambia sababu, ni sawa. Ukianza kujibu na uone hutaki tena, unaacha. Mimi sitakasirika na hakuna kitu kitakupata."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Ndugu zangu, sijui nitawaelezea vipi. Nimeulizwa maswali mengi katika dunia hii, na ofisa, na karani, na chifu, na daktari, na mke, na mtoto. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kabla ya kuuliza kwamba naweza kukataa. Mimi nilikuwa najua milango miwili tu, kusema ukapotea ama kusema sijui. Nilikuwa sijaonyeshwa huo wa tatu.

Sikuamini. Nikataka kuujaribu. Kijana akaniuliza, "Guka, una umri gani?"

"Nakataa."

"Sawa, Guka."

Nikangoja. Hakuna kitu kilitokea. Kuku alipita. Akaniuliza, "Ulisoma wapi?"

"Nakataa hilo pia."

"Sawa."

Nikaona raha, nawaambia ukweli. Nikakataa jina la kijiji, nikakataa jina la ng'ombe, yule msichana akaniuliza kama naongezewa chai na nikakataa chai niliyokuwa naitaka. Walikuwa wanacheka na mimi nilikuwa nacheka. Nikakataa mpaka nikachoka kukataa, na nilipochoka nikakuta chini ya kukataa hakuna woga uliobaki, kuna huzuni tu. Mikono yangu ilikuwa inaendelea na buni. Nikasema, "Uliza lile la tatu. La siku ya meza."

Kijana akasahau ni lipi. Mwalimu hakumsaidia. Akakumbuka. Akasema polepole, "Guka, mmezaliwa wangapi kwenu?"

Nikasema, "Wawili. Mimi na dada yangu."

Wakanyamaza. Walikuwa wamejifunza, maana hakuna aliyekimbilia swali lingine. Nyekundu huku, mbichi huku. Kimya kilikuwa kirefu na mimi nilikuwa ndani yake, na kwa mara ya kwanza sikuwa peke yangu humo. Nikawaambia. Unga katikati ya majani, kamba, homgadi na sigara yake, mianzi. Nikawaambia neno la dada nililopewa nimpelekee mama, "mimi nimeshakula", ambalo halikufika. Nikawaambia juu ya mkono. Kijana wa Embu alikuwa ameshika punje moja ya kahawa, hakuiweka popote mpaka nikamaliza.

Mwalimu ndiye aliyeongea. Mnafikiri alinifariji? Hakunifariji. Aliniuliza, "Mzee, tumerekodi. Haya ni yako. Unataka yawekwe maktaba watu wasikie, ama yasiwekwe?"

Nikasema, "Bado. Kuna mtu ambaye aliuliza kabla yenu."

Nilienda Embu mimi mwenyewe. Nilimkuta binti yangu uani amekaa kwenye kigoda anapukuchua ndengu kavu, nywele zimeanza kuwa nyeupe, na mimi sikuwa nimeziona zikigeuka. Akaniangalia.

"Baba. Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi umepotea njia."

Nikaomba kigoda. Sikukaa kumkabili, nilikaa upande wake kama nilivyofundishwa. Nikachukua ndengu nami nikaanza kupukuchua. Baadaye nikamwambia, "Niulize lile swali lako."

"Swali gani? Nimekuuliza mengi."

"La shangazi yako. Na ukitaka kukataa kuuliza, ni sawa. Sitakasirika."

Mikono yake ilisimama. Nilifikiri atakataa, na nilikuwa tayari kurudi. Akasema bila kuniangalia, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia. Alikuwa anatembea kama anayefukuzwa hata akienda chooni. Uji wake ulikuwa unaungua kila mara, na akilaumiwa anasema uji ulioungua ndio unashibisha. Alikuwa na pengo hapa mbele na akicheka hakuwa anafunika mdomo kama wasichana wengine, alikuwa anacheka lote. Aliiba miwa ya jirani akamlaumu fisi. Aliniita mvivu mpaka siku ya mwisho. Jina alilopewa ni la mlimaji, na jembe alilichukia kabisa. Nilipofika kwenye mianzi nilimwambia na hiyo, na ya mama, na mkono. Jua lilizunguka mpaka likatufikia miguuni na hakuna aliyesogeza kigoda.

Binti yangu hakunikumbatia. Sisi si watu wa hivyo. Alisema, "Kumbe ulikuwa na dada mzuri hivyo na ukala peke yako miaka yote." Akafuta uso na kitambaa. Akaniwekea ndengu za kubeba. Kwenye lango akaniuliza, "Utarudi lini?"

Neno lilipanda, nawaambia, lilifika hapa kwenye meno. Nikasema, "Jumamosi."

Na Jumamosi nilienda.

Sasa sitawadanganya kwamba nimepona kama mtu wa kwenye mkutano wa maombi anayetupa magongo. Nyumba yangu bado ni kimya. Redio bado naifungua. Dada yangu sijui alilala wapi huko juu, na hiyo ni sijui ya kweli, inaniuma. Mama sijui aliuliza kunipima ama aliuliza kutaka kujua. Lakini hizo mbili sasa kuna watu wanazibeba pamoja nami.

Nawashukuru. Namshukuru yule mwalimu aliyechafua sketi yake, na wanafunzi wake, ambao sasa wameshamaliza na wanafanya kazi kwenye maktaba za mbali. Yule kijana huwa ananipigia simu, na mpaka leo akitaka kuniuliza kitu anaanza kwa kusema, "Guka, unaweza kukataa." Maneno yangu yako maktaba yao sasa, binti yangu alikubali. Namshukuru mke wangu kwa ile sahani tupu. Nawashukuru ninyi kwa kunipisha kila zamu bila kunisukuma. Na kama nina kitu cha kuwaachia ni hiki: mkiwa na mtu nyumbani ambaye kila kitu anasema sijui, msimwekee meza. Kaeni upande wake, mshike kazi yake, na mumwambie kwamba anaweza kukataa. Mumwambie hivyo kwanza, na mmaanishe.

Nilisema nimekubali desturi yetu ya kutotaja majina, na nimejitahidi, hata ng'ombe sikumtaja. Sasa naomba kikundi kiniruhusu jina moja tu, kwa sababu limekaa bila kusemwa kwa sauti mbele ya watu tangu nilipokuwa kijana. Mkikataa, ni sawa, nitakaa.

Naona hamjakataa.

Dada yangu aliitwa Karimi. Ameshakula.